Pale Sauti Yako Ilipokatika

Mama,

Ijumaa wananipasua shingo. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu walio hai wataanza kuniombea kabla sijamaliza kusema, na leo nataka mtu anayejua. Ni goita, kama yako. Daktari anasema uvimbe umekaribia neva ya sauti, kwa hivyo sauti inaweza kubadilika. Alilisema hilo huku akitafuta kalamu yake. Mama, naogopa. Kufa sikuogopi sana. Naogopa kuamka, nifungue mdomo, pasitoke kitu. Kwaya imenizoea mbele, na mimi sijui kukaa nyuma.

Hapa mtaani Jericho mengi yamebadilika tangu uondoke. Wamejenga ghorofa mbele yetu, sasa nguo hazikauki. Mama Akinyi wa nyumba tunayopakana nayo ukuta bado yupo. Miguu imemgomea lakini masikio ni yale yale. Na wimbo wako ule wa redioni umefufuka! Vijana wanaucheza kwenye simu. Nafula wangu aliniuliza, "Mum, kumbe shosh alikuwa moto hivi?" Nikamwambia bibi yake alikuwa mkaidi.

Nakumbuka asubuhi ile ulipokwenda kupasuliwa. Ulinisuka nywele ukazivuta hadi machozi yakanitoka, na mikono yako ilikuwa ikitetemeka. Nilidhani umenikasirikia. Juzi nilimsuka Nafula, ambaye ni mtu mzima na hakuniomba, na mikono yangu ikafanya vile vile. Kwa nini hukuniambia kwamba ni woga?

Uliporudi ukawa unaongea kwa kukwaruza, ukashona sare za shule, ukakataa hata kuitikia nyimbo kanisani. Mwanamke aliyejaza kumbi za mjini kwa muziki wa soul! Miaka ikapita. Kisha ukaanza kuimba jikoni, umefungulia mfereji wa maji ili usisikike. Mama Akinyi alisikia. Kila ulipokosea aligonga ukuta kwa mwiko. "Huyo mama ana masikio ya polisi," ulisema, halafu ukarudia pale pale mpaka aliponyamaza.

Halafu ile siku ya studio, miaka ya themanini, uliponipeleka kwa kuwa hukuwa na wa kuniachia. Ulipanda kwenye kiitikio, sauti ikakatika. Mpiga gitaa hakuacha kupiga. Nawe ukasema tu, kwa sauti ya mtu aliye nje ya nyumba yake mwenyewe: "Nifungulie." Walitaka urudie. Ukawaambia, "Hapo ndipo nilipofika. Muache hivyo hivyo." Wimbo ulipotoka redioni, hakuna aliyeuliza tena kama wewe mwimbaji umekwisha. Katika kila jiko hapa mtaani, wimbo ulipofika pale, watu walisema pamoja nawe, "Nifungulie."

Mimi sina ujasiri wako, tusidanganyane. Jana nilifungulia mfereji nikauimba. Nikafika pale, nikashusha sauti bila kutaka. Ukuta ukagongwa. Sikuwa nimeusikia ule mlio tangu tulipokuzika. Nililia nikiwa nimeshika sufuria, kisha nikarudia. Akagonga tena, yule mama hana huruma.

Kwa hivyo nitakwenda. Nimeshafunga kimkoba, na leso yako ya kahawia imo. Ukiweza, kaa karibu na kitanda changu cha hospitali; usipoweza, nitaelewa.

Pumzika, Mama. Ninakuahidi hivi: nikiamka sitajaribu wimbo wowote. Nitasema "Mama" tu. Sauti ikitoka ikikwaruza, nitajua nimepewa yako, nami nitaivaa. Na isipotoka kabisa, nitarudi nyumbani, niingie jikoni, nichukue mwiko. Wimbo ukifika pale pa "Nifungulie," safari hii nitagonga ukuta mimi.

Wako,
Nekesa