Nyasi Tulizopanda, Usafi Uliozing'oa

Jumamosi, Bunia. Mawingu mazito upande wa Ziwa Albert. Mvua bado haijaamua.

Salongo, kwa ufafanuzi ulio sahihi, ni kazi ya usafi ambayo wakaaji wa mtaa huitwa na mamlaka kuifanya pamoja Jumamosi asubuhi, na maduka hubaki yamefungwa hadi itakapokwisha. Kujitolea ni kazi ambayo mtu hujiita mwenyewe, na hakuna anayemfungia mlango akikosa. Leo ya kwanza imeiangamiza ya pili.

Kundi letu ni dogo: wanafunzi wachache, Dieudonné ambaye ni dereva wa pikipiki, na mimi ninayefundisha elimu ya udongo. Tangu mvua zilizopita tumekuwa tukipanda vetiveri kwenye ukingo wa kijito cha Nyamukau, pale maji yanapoila ardhi. Vetiveri ni nyasi tu, na sura yake haina cha kujivunia. Thamani yake iko chini, katika mizizi inayoteremka wima na kuushika udongo kama uzi ushikavyo pindo la nguo.

Tulichagua mahali pale kwa sababu ya Mama Neema. Ni mjane anayekaanga mandazi ya kuuza, na jiko lake limekaribia mno korongo. Nyuma ya jiko kuna chumba wanamolala wajukuu wake. Ukingo ukikatika, jiko litatangulia, chumba kitafuata.

Asubuhi nilikuwa nikisimamia mtihani. Nilipofika kijitoni, ukingo ulikuwa mtupu, umekwanguliwa hadi udongo mwekundu, laini kama ua uliofagiliwa kungojea wageni wa posa. Vetiveri yetu, pamoja na mizizi yake, ilikuwa rundo linalofuka moshi.

Aliyeongoza kazi hiyo ni Mama Neema mwenyewe.

Alinipokea kwa furaha, jembe bado mkononi. Hapa kwetu majani marefu karibu na nyumba ni aibu: huita nyoka, huita mbu, humtangaza mwenye nyumba kuwa mvivu. Nilimuuliza kama alisahau kwamba tuliyapanda mbele ya macho yake. Hakusahau.

"Mulipanda, ndiyo, mwalimu," alisema. "Lakini hamukurudi kuikata. Ikakuwa pori. Siye tukasema, hawa watoto ya watu wamechoka, tuwasaidie."

Tuliiacha irefuke kwa makusudi, ili ikomae. Nilimweleza hivyo, naye alinisikiliza kwa adabu ambayo watu humpa mgonjwa anayesimulia ndoto.

Dieudonné, aliyeibeba miche yote kutoka Gety juu ya pikipiki yake, alilitazama rundo. "Mama, weye umechoma ukuta ya nyumba yako," alisema. "Sasa mvua ikifika, uipe kiti."

"Mvua iko ya Mungu, Dieudo. Nyoka iko ya uvivu."

Majirani wakacheka. Hata Dieudonné alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Nakiri kwamba kilichonikera zaidi si hasara. Ni kukosekana kwa mkosaji. Uovu hukabiliwa, wema wa namna hii hauna pembe ya kuushika.

Kisha akaja shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa ule, mzee anayependa mambo yaishe upesi. Alijitolea kutangaza kwamba salongo ya Jumamosi ijayo itakuwa ya kupanda, na duka la asiyeleta mikono halitafunguliwa siku hiyo nzima. Ukingo mzima ungepandwa kabla ya adhuhuri. Alinikumbusha, bila ukali, kwamba bila kuwalazimisha watu nitapanda peke yangu mpaka nizeeke.

Dieudonné aliniambia pembeni kwamba nikikubali, yeye hatakuja. Alikuja kwa sababu hakutumwa, na siku atakapotumwa atabaki na pikipiki yake.

Nimejaribu kuipima hoja hii kwa utulivu. Wachache wakipanda kwa hiari, wengine wote wataona pori. Wengi wakipanda kwa amri, amri itakapobadilika watang'oa kwa bidii ileile. Tena, Mama Neema leo aliitwa kwa amri, lakini alifanya kazi kwa moyo ambao sijauona hata katika kundi langu. Jambo hilo linaniudhi, kwa kuwa sijui pa kuliweka.

Shefu anataka jibu kesho baada ya ibada. Mvua imeanza juu ya bati, nyepesi bado.

Je, mtu anaweza kulazimishwa kulinda kitu ambacho bado anakiona uchafu? Na kama haiwezekani, nina haki gani ya kungoja afahamu, wakati wanaolala juu ya ukingo ule ni wajukuu wake?