Namba ya Mama Prisca

Jumatatu, 3 Machi

Bado nagawa. Wagonjwa wa Uriri nimewafikisha mstari wa mia mbili. Vijijini niliwaandika kwenye simu, mtu mmoja mstari mmoja: jina, kijiji, jicho, namba. Sasa vyote vimebanana kwenye kisanduku kimoja cha jedwali la kompyuta na kila kitu kinataka safu yake. Ukigawa kwa nafasi umeharibu. Min Otieno, yaani mama yake Otieno, anakuwa "Min" huku na "Otieno" kule, na kijiji chake kinasukumwa mpaka safu ya jicho. Kwa hiyo naweka koma kwa mkono, mstari kwa mstari, ndipo naiambia kompyuta igawe penye koma.

Macho yananiuma. Nikimaliza, mgonjwa wa kwanza nitakuwa mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Felix ameniibia.

Ni msimamizi wangu, basi alisimama mbele ya Madam Consolata, mkurugenzi, akaonyesha jedwali langu la Uriri ukutani. "Hii kitu imenisumbua, Madam, lakini nimeimaliza." Imemsumbua! Wiki tatu zangu. Madam akapiga makofi. Sasa Felix ndiye atakayesimamia kambi ya upasuaji wa macho kule Sindo. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai.

Namchukia. Naandika tena nisije nikasahau: namchukia.

Jumatatu, 10 Machi

Felix ametaka orodha ya Sindo jinsi ilivyo kwenye simu. Ataigawa mwenyewe, eti ni kazi ndogo. Nimemtumia. Majina hamsini na mawili, wengi wao akina mama wazee wenye mtoto wa jicho. Nilikaa kule siku nne, nikilala kwa Mama Prisca, mhudumu wa afya wa kijiji. Wale wazee hawana simu, au wanayo na haina chaji tangu Krismasi. Ukiwauliza namba wanasema andika ya Prisca, yeye atatuita. Nikaandika ya Prisca.

Sikumweleza Felix. Hakuuliza.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimefungua faili lake. Amegawa vizuri, sikatai. Halafu akaiamuru kompyuta ifute kila namba inayojirudia. Kwake yeye namba moja ni mtu mmoja. Waliotumia simu ya Prisca walikuwa thelathini na mmoja. Amebaki mmoja.

Thelathini wamefutika, na Felix amemwandikia Madam kwa fahari: "Nimeondoa walioandikwa mara mbili."

Nilicheka mpaka askari wa getini akachungulia dirishani. Lenzi za kupandikizwa machoni zitaagizwa kwa orodha hiyo hiyo. Mwisho wa kurekebisha ni Ijumaa saa kumi. Orodha kamili ninayo kwenye simu, kuituma ni dakika mbili.

Siitumi. Mwosha huoshwa. Asimame mbele ya Sindo nzima na jedwali lake safi.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tisa nilimwandikia Madam barua pepe. Nikaifuta. Nikaiandika tena. Felix akapita mezani kwangu: "Rispa, hebu niletee soda. Iwe baridi kabisa."

Nikaifuta.

Saa kumi na dakika tano. Basi.

Jumamosi, 15 Machi

Sabato, kanisani. Mchungaji kahubiri kusamehe, sabini mara saba. Nilikaa nyuma, sikuimba. Najiambia wale akina mama wataingia kambi ijayo. Wamesubiri miaka, miezi mingine ni nini? Nimejiambia hivyo asubuhi nzima na bado najiambia.

Lakini Felix aanguke. Hilo sijaliombea msamaha.

Jumanne, 18 Machi

Sindo. Tulifika saa mbili. Uwanja wa zahanati ulinuka omena, dagaa wa ziwani, na akina mama walikuwa wamefika kabla yetu. Mama Prisca aliwaleta kwa mstari mmoja, kila mmoja mkono begani kwa aliye mbele yake. Wameoga, wamejipaka mafuta, wamevaa nguo za kanisani.

Felix akasoma majina. Ishirini na mawili. Akakunja karatasi.

Prisca akamwendea. "Na hawa wengine? Hawa watu wameamka saa kumi na moja, wametembea na miguu, na wewe unaniambia hawako kwa listi?"

Madam akauliza kuna nini. Hapo ndipo nilipoitoa simu. Nilikuwa nimejipangia maneno wiki nzima, na niliyasema polepole ili kila mtu asikie. "Walikuwa hapa wote, Madam. Mimi niliwaandika mmoja mmoja."

Felix akaangalia simu yangu, akaangalia karatasi yake. Jasho. Nilingoja ajitetee, anisukumie mimi. Hakujitetea. "Ni mimi. Nilidhani ni mtu mmoja ameandikwa mara nyingi." Akawageukia wale wazee, akaomba radhi kwa Kiluo chake kibovu.

Ilikuwa tamu. Sitadanganya hapa. Ilikuwa tamu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Kisha mkono ukaushika mkono wangu. Min Auma, wa jicho la kushoto, yule aliyenipa samaki siku ile nilipomwandika. "Nyathina, mwanangu, ni wewe? Sauti naijua. Hawa walikuwa wananiacha, lakini nilijua wewe huwezi."

Lenzi hazikutosha. Daktari aliuliza mara mbili kama kuna sanduku jingine. Hakuna. Felix aliwarudisha makwao kwa gari la ofisi, safari nne, akiwashika mkono mmoja mmoja kushuka. Mimi nilikaa kwenye benchi la zahanati. Sikumshika mtu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tangu asubuhi. Felix amepelekwa Homa Bay, stoo ya miwani. Meza yake nimepewa mimi. Madam amenisifu mbele ya wote kwa kutunza orodha.

Nimewarudisha wale thelathini kwenye jedwali. Nimeongeza safu moja: mwenye simu. Kazi ya nusu saa.

Kambi nyingine ni Agosti. Nilimpigia Mama Prisca kumweleza. Akasema sawa, atawaambia. Akasema Min Auma ameungua mkono juzi, sufuria ya maji moto, hakuiona. Anaendelea vizuri, wanampaka dawa. Agosti atakuja, ila anataka nimfuate mimi mwenyewe nyumbani, maana wengine watamsahau tena.

Nikasema nitakuja. Prisca akanishukuru, akakata simu.