Chumba cha Roshani kwa Nusu Kodi

Da Zuhura,

Baridi imerudi, ile isiyo na haya, inayopita ukutani na kukukuta kitandani. Nakuandikia kwenye simu, nimekaa juu ya robota la jinzi huku bandarini Huangpu, Guangzhou, nangoja kontena letu lifungwe. Nasema letu kwa mazoea. Viatu vya watoto ulivyoviacha vilishafika Unguja, mdogo wako kavipokea na anasema vimetoka vizuri. Hili la leo ni langu peke yangu, na wakala anachelewa vilevile kama siku zile ulipokuwa ukimsema.

Nina jambo la kukwambia, na nataka ulisikie kwangu.

Unakumbuka tulivyotafuta nyumba? Tulizunguka Xiaobei mpaka Sanyuanli, wewe, mimi na wenzetu wawili, miguu imevimba. Kwenye simu dalali anasema vyumba vipo, njooni. Tukifika akatuona sura, vyumba vimekwisha. "Meiyou," hakuna, na funguo zinaning'inia mkononi mwake. Waliokubali walitaka bei ya wageni, tena wakatuonya kwamba maonyesho ya biashara ya Pazhou yakianza watapandisha. Wengine hawakutaka usumbufu wa kutupeleka polisi kuandikishwa. Nililia barabarani kama mtoto. Ukaninunulia kiazi kitamu cha kuchoma, ukasema, "Kula, Neema. Mwenye nyumba hapokei machozi."

Ndipo tukampata Mama Pango. Jina ulimpa wewe, maana kila neno lake lilikuwa kodi. Alituonyesha vyumba viwili, jiko, bafu, halafu ile roshani aliyoizungushia vioo na alumini mpaka ikawa chumba cha tatu. Akakinyooshea kidole, akashusha sauti, akasema, "Si le."

Kichina chako kilikuwa cha soko la Zhanxi: namba, ghali, punguza, sitaki. "Si" kwao ni nne. Ulinyanyua vidole vinne mbele ya uso wake, ukacheka mpaka lile jino la dhahabu likaonekana. "Si, si! Sisi wanne!" Yule mama alirudi nyuma hatua, akakutazama kama anayemtazama mwenye wazimu, na bila kuombwa akakata kodi ya chumba kile ikabaki nusu. Ulitamba Zhanxi nzima kwamba umemshusha bei kwa vidole tu. Ukatuwekea na sheria: humu watu wanne, mwenye nyumba kasema. Hata binamu yako alipokuja na mabegi yake ulimtafutia pa kulala kwingine.

Chumba cha nusu kodi ukachukua wewe, ili mwanao Salma asikose ada. Mama mtu mzima, umejibana roshanini na kabati la plastiki, sisi wadogo zako tumenyoosha miguu vyumbani. Nilikuwa nakuudhi kwa kukwambia unalala kwenye kabati la vyombo. Ulikuwa ukiamka kichwa kinakuuma. Ulisema ni baridi, ni hewa ya mji huu, ukanywa tangawizi. Usiku sisi watatu tulipokezana kuoga maji ya moto, wewe umeshajilaza.

Ile asubuhi simu yako iliadhini mpaka ikanyamaza yenyewe. Sikuwahi kukusikia ukiiacha iadhini mpaka mwisho.

Hospitalini daktari alitoka, akavua barakoa, akasema, "Si le." Da Zuhura, nilisubiri vidole. Naapa nilimtazama mikono nikisubiri anyanyue vidole vinne. Hakunyanyua kitu. Mwanafunzi mmoja wa kwetu anayekijua Kichina, aliyekuja kutusaidia, ndiye aliyenishika bega na kunieleza kwamba neno hilo, likitamkwa vile, si namba. Ni kwamba mtu amekufa.

Nilimfuata Mama Pango na simu ya kutafsiri. Hakukana. Kabla yetu alikufa mwanamume mmoja, mtu wa jimbo la mbali, chumba kilekile, majira yaleyale ya baridi. "Nilimwambia yule dada," simu ikatafsiri. "Alinicheka." Nilitaka kumpiga. Halafu nikakumbuka kwamba kweli alikwambia.

Wanaume wa msikitini walikusalia, wakakuzika vizuri. Mimi nilisimama getini na mtandio wa kuazima. Karatasi ya hospitali ilisema moyo. Mama Pango alisema ni mizimu. Wale wenzetu wawili hawakungoja kujua zaidi, wakahama wiki hiyohiyo. Mimi nikabaki. Usinikunjie uso, nilikwenda kwa madalali, nikazisikia tena zile "meiyou" zao, nikarudi. Mama Pango akabandika karatasi nyekundu ya kufukuza mizimu mlangoni, akatundika na kioo, kisha akanipunguzia kodi. Baada ya miezi kadhaa akapunguza tena. Guangzhou nzima kodi inapanda, yetu inashuka. Siku hizi nikimwona anakuja anatabasamu, nabadili njia.

Kisha akampangisha Sekela roshani yako, mimi nikiwa kazini. Sekela ni wa Tukuyu, ananunua makava ya simu, mrefu, mcheshi, anaimba mapambio huku anakaanga vitunguu. Ungempenda. Nilimweleza yote siku ya kwanza. Akapaka mafuta ya upako kwenye fremu ya mlango, akaomba akifunga na kufungua pepo kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. "Nimeshaikemea hiyo roho, dada. Kwa kodi hii sihami."

Nami niliamini ni roho, au nilitaka kuamini. Mpaka wiki iliyopita alipokuja fundi wa kukagua gesi. Alitazama ile hita ya gesi ya maji ya kuoga pale jikoni, akafuata bomba lake la moshi kwa macho mpaka linapoingia ukutani, akauliza upande wa pili kuna nini. Nikampeleka. Alisogeza kabati la plastiki. Da Zuhura, bomba linaishia pale, usawa wa mto wako. Zamani lilitokea nje, roshani ikiwa wazi. Mama Pango alipoizungushia vioo apate chumba cha kupangisha, hakulisogeza. Kila aliyeoga maji ya moto alikuwa anakupulizia moshi usingizini, dirisha umelifunga kwa baridi, na moshi wenyewe hauna rangi wala harufu.

Fundi alimfokea Mama Pango, akabandika onyo kwenye hita. Alipoondoka, Mama Pango akalibandua. Nikamwambia arefushe bomba litoke nje. Akasema litapita dirishani, dirisha halitafungika, na chumba kisichofungwa dirisha nani atakipanga? Kisha akanitabasamia, akanipunguzia kodi.

Jana nilikaa na Sekela, nikamweleza la bomba taratibu. Akanishika mkono kwa huruma. "Dada Neema, gesi inanuka. Mimi mbona sinusi kitu? Huo ni woga tu, adui anautumia." Nilipandisha sauti, akapandisha yake, tukalala tumenuniana. Hamu ya kukuita wewe ilinishika. Wewe ungemtoa mle chumbani kwa utani, na angetoka anacheka.

Kwa hiyo leo kabla sijatoka nilifungua hita nikachomoa betri zake mbili, zile kubwa za redio, maana bila hizo haiwaki. Ninazo hapa kwenye mkoba. Jioni nikitoka huku napitia kwa dalali mmoja anipeleke kuona vyumba viwili mbali na mjini. Ghali vibaya, na safari ya treni ni ndefu, lakini nitalipa. Nitamburuta na Sekela, akitaka asitake. Nilitaka kukuaga kwa habari hiyo, ili ujue kwamba

Subiri. Ujumbe wa Sekela umeingia hapa juu, unatangulia kwa kicheko.

"Dada tusinuniane bwana. Nimekuta hita haina betri, nimenunua mpya. Utakuta maji ya moto, baridi ya leo imeishinda ya Tukuyu. Nimeacha bomba la maji ya moto linajaza beseni nifue mablanketi, najilaza kidogo, kichwa kinaniuma."

Nimepiga. Inaita tu. Nimepiga tena. Mama Pango naye hapokei. Wakala ananiita nikatie sahihi kontena, nimemwambia alifunge au aliache, shauri yake. Nimesimama barabarani, teksi inakuja.

Nakuaga, Da Zuhura. Lala kwa amani dada yangu, moshi ule haukufikii tena. Nakuahidi vioo vile navivunja leo kwa mikono yangu, na bomba naling'oa, hata wakinifukuza nchini. Nisaidie kitu kimoja tu. Ukimwona binti mrefu anakuja upande huo anaimba, usimkaribishe. Mkaripie, arudi.

Neema