Ngome ya Kilimani na Chumba cha Mama

Kilburn, London

Kaka Seif,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya, wewe, wifi na mama. Mimi sijambo, baridi ya magotini tu ndiyo inanikumbusha kuwa hapa si Unguja.

Juzi kinamama wa msikitini tulikodi basi, tukaenda nje ya London kutazama ngome ya kale iliyo juu ya kilima. Unatujua sisi, hatuendi mahali bila sufuria. Tulipanda na pilau kichwani, Waingereza wanatutazama.

Ngome imejengwa kwa mawe na chokaa, kuta nene kiasi cha mtu kujinyoosha akalala ndani ya dirisha. Kwa nje madirisha ni membamba, ndani yanapanuka, ili mpiga mishale ajifiche. Njia ya langoni imepindishwa makusudi, adui apite chini ya ukuta akipigwa mawe. Bwana aliyeijenga alikuwa mwoga, lakini fundi wake alijua kazi. Mama wa Kizungu aliyetutembeza alisema ilizingirwa mara kadhaa, haikutekwa. Walioiharibu ni warithi: walihamia bondeni, wakaling'oa paa wakauza, mvua ikaingia.

Kisha akatuonesha ukuta mmoja ambao mafundi wa siku za karibuni waliupiga saruji wakidhani wanauokoa. Maji yakakosa pa kutokea, mawe yakaoza kwa ndani. Sasa wanaibandua saruji hiyo na kurudisha chokaa. Bi Salma, mzee wa Kipemba ninayekaa naye, akaupapasa.

"Chokaa hii ya kuroweka, mwanangu, kama yetu. Nani kawaroga wakatia saruji?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilikumbuka ulivyoniambia kwenye simu, kwamba baada ya Idi fundi atakipiga saruji chumba cha mama, unyevu uzibwe na ukuta ufanane na wa majirani. Kaka, nyumba yetu nayo ni ya mawe na chokaa. Ukuta utapendeza, na maji yatabaki humo humo anapolala mtu mwenye pumu.

Najua wewe ndiye unayemuuguza, mimi kazi yangu kupiga simu. Ukisema najifanya fundi, una haki. Hata hivyo mzuie huyo fundi, umtafute mzee anayejua chokaa, na paa linalovuja lizibwe kwanza.

Nisalimie wifi, na shangazi msuka mikeka. Mama mwambie nimeomba likizo, nakuja baada ya masika. Namwogopea, kaka. Nikija nataka nimkute.

Mdogo wako,
Asha