Riku ni Riku

Nobue, shoga yangu, uko? Usipige, nimejifungia chooni kwa mama mkwe.

Si unajua tunahama Japani kwenda Australia mwezi ujao? Basi tuko mezani, wifi Tamayo anasema, "Shule ya kule nishazungumza nayo. Mwanao ataitwa Riki. Riku litawatatiza."

Nishazungumza nayo! Bila kuniuliza! Mwanangu mwenyewe!

Nikamwambia, "Wifi, Riku maana yake nchi kavu. Baba yangu ndiye aliyempa jina hilo. Wimbi la tsunami lilimchukua mama yangu mbele ya macho yake, akasema mjukuu wake lazima awe na pa kukanyaga." Unajua alijibu nini?

"Kule nani atajua maana yake?"

NANI ATAJUA! Na mume wangu yupo, anatafuna tu.

Nikaweka vijiti vya kulia chini. "Mimi nitajua. Na yeye mwenyewe atajua."

Sasa hivi nimewapigia shule humu humu chooni, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Nimemwambia mama aliyepokea simu, "Jina ni Riku." Akalitamka vizuri mara ya kwanza, Nobue! Mara ya kwanza!

Haya, narudi mezani. Anayetaka kumwita Riki aanze na mimi.