Theluji Juu ya Buibui

Mjukuu wangu Thureya,

Asalaam alaikum. Huku Sib sote wazima. Babu yako goti linamsumbua, lakini sokoni Mawaleh haachi kwenda.

Umeniuliza umekosea wapi, mbona chembe za theluji ulizozidaka zina umbo la vijiti, si nyota kama za kitabuni. Jibu nnalo, maana nami nilisoma kwenye nchi ya baridi kama hiyo unakosoma wewe. Mwalimu alitutuma tukadake theluji kwa kitambaa cheusi. Nikachukua buibui langu, nikalifukiza udi kwanza, kama nifanyavyo kila nikitoka. Likapata joto, kila chembe ikawa tone la maji. Wenzangu walicheka. Nikalitundika nje mpaka likapoa.

Asubuhi ile nikadaka vijiti. Jioni baridi ikazidi huko juu, mawingu yamejaa unyevu, zikashuka nyota za matawi sita. Dhoruba ni ile ile moja. Chembe hupata umbo lake mawinguni, kwa baridi na unyevu inaokutana nao njiani.

Basi hukukosea. Wingu lako siku ile lilikuwa la vijiti.

Nimekupelekea udi. Fukiza chumbani kwako, ila kitambaa kiache nje.

Bibi yako