Kahawa Niliyotafuna kwa Niaba ya Bibi

Baba, shikamoo. Mvua ya hapa Nkwenda haijakatika tangu tufike.

Jana daktari alimwekea Bibi seli hai, zilizokuzwa maabara kutoka kwenye ufizi wake mwenyewe. Bado ni majaribio. Zikishika, nyama ya ufizi itaota tena. Siku saba asitafune wala asiongee.

Leo mama mwenye nyumba tuliyofikia akatuletea kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kumkaribishia mgeni. Bibi, kwa adabu, akanyoosha mkono.

"Daktari amemkataza," nikasema.

"Kwangu mgeni hakatai kahawa!"

Niliogopa. Nikapiga magoti, nikaipokea mimi, nikaitafuna yote mbele ya mwenyeji wetu.

"Haya, bibi kizee," akanicheka, "umeshakaribishwa."

Bibi akanishika mkono, mdomo kaufumba.

Zimebaki siku sita. Ombeni seli zishike. Mwambie Mama nawapenda nyote.

Binti yako,
Adelina